Kiganja Mlangoni mwa Pijo

Kila mtu ana kitu anachokitazama kwenye simu akiwa hana kazi. Mume wangu hutazama mpira, wifi yangu hutazama harusi za watu asiowajua. Mimi hutazama minada ya magari ya kale. Sina gari, sina leseni, wala sina nia ya kununua. Ninawatafuta waongo.

Nina chumba kidogo Palma ninakotoa kopi, kuchapa picha na kupiga fulana chapa. Ugonjwa huu niliambukizwa na mteja kutoka kijiji cha Mute aliyekuja kuchapisha tangazo la Land Rover ya zamani. Tangazo lilisema gari liko Beira. Nikalitazama likitoka kwenye mashine, nikaona nyuma ya gari kuna paa la nyumba limefunikwa theluji. Nikamwambia, "Baba, Beira wameanza lini kupata theluji?" Akacheka mpaka akakaa chini, na gari hakulinunua. Tangu siku hiyo sijapona.

Waongo wana tabia zao, na mtu akiwatazama sana huwazoea kama majirani. Bei yao ni ya chini kuliko akili inavyokubali. Mwenye gari kila siku yuko safarini, au amefiwa, au anahamia nchi nyingine. Hapendi mzungumze ndani ya mnada. Anataka mhamie pembeni, kwenye simu yake. Ukimwomba picha ya namba ya chasi, anakuletea picha ya taa. Na picha zenyewe hazielewani: ya kwanza kivuli kimelala kulia, ya pili ukuta umebadilika rangi, ya tatu gari limeota kioo ambacho halikuwa nacho. Mimi hukaa hapo nikinywa chai yangu, nikiwakamata mmoja mmoja, na raha yake siwezi kuieleza. Mume wangu anasema nina roho ya afisa wa forodha.

Basi siku ile mjomba Faquir aliponitumia tangazo, nililifungua kwa furaha kabisa. Nilidhani ameniletea kitafunio.

Lilikuwa tangazo la Pijo 404, pikapu, rangi ya samawati. Picha ya kwanza ilionyesha mlango tu, kutoka chini ya kioo hadi kwenye kikanyagio, na katikati ya mlango kiganja cheupe cha mwanamke. Chai ilinipalia. Kile kiganja nilikijua.

Katika ukoo wa mama yangu bibi harusi haondoki kwao kimya kimya. Kabla ya kupanda gari huchovya mkono katika msiro, ule unga mweupe wa mti ambao wanawake wetu huusaga juu ya jiwe na kujipaka usoni, kisha hubandika kiganja mlangoni mwa gari linalompeleka. Kwa hivyo watu wanajua ametoka kwa ridhaa yake. Msiro ukikauka huoshwa, yakaisha. Lakini Saquina, binti pekee wa mjomba, alipobandika chake kwenye Pijo ya baba yake, mjomba alikataa kisioshwe. Alinunua vanishi ya mbao akakipaka juu, watu wakimcheka. Mwaka uliofuata Saquina alifariki akijifungua, na mtoto naye. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Halafu ikaja vita. Siku Palma iliposhambuliwa, Pijo ilikuwa uani kwa fundi, injini imefunguliwa. Tulikimbia na nguo za mwilini. Tuliporudi, ua ulikuwa mtupu na nyumba ya mjomba imeungua pamoja na hati zake zote. Alihamia Quionga kwenye minazi ya baba yake, na tangu hapo habari yake kubwa ilikuwa moja: Pijo iko wapi.

Nilimpigia simu.

"Imepatikana, mpwangu," alisema kabla sijamwamkia. Sauti yake ilikuwa ya kijana. "Waliivusha nto. Iko Dar es Salaam kwenye ghala. Huyo nuuzaji, senhor Virgílio, anaileta hadi Namoto, pale mpakani."

"Mjomba, umeshalipa kitu?"

"Bado. Anataka nusu kabla nnada haujafungwa, Ijumaa jioni. Ijumaa hiyo hiyo Cassimo anakuja baada ya swala kuichukua minazi."

"Kuichukua vipi?"

"Nimemuuzia."

Nikakaa. Minazi ile ndiyo inayomlisha yeye na mkewe, Bi Mariamo. Hawana boti, hawana pensheni, hawana mtoto mwingine. Nilimuuliza kwa nini asiende polisi, kama gari ni lake, badala ya kulinunua mara ya pili. Akaniuliza na yeye, kwa upole, angewaonyesha hati gani.

"Mjomba, hilo leilão, huo mnada, silipendi," nilimwambia. "Nipe nafasi nilichungulie kwanza."

"Chungulia," alisema. "Lakini nkono ule si wa kuiga. Kile kidole kidogo kimepinda vile vile. Ni wake."

Na hapo ndipo palipoanza kuniwasha. Maana kidole kilikuwa kimepinda kweli. Saquina alibanwa na mlango utotoni, mimi nikiwapo, na kidole chake kidogo hakikunyooka tena. Mwongo wa mbali hawezi kubuni kitu kama hicho. Niliweka kazi za watu pembeni nikaanza kulichambua lile tangazo.

Picha za ndani zilinipa moyo. Viti vilikuwa vya ngozi nyekundu, usukani uko kushoto. Pijo ya mjomba ilikuwa na viti vilivyoshonewa vitambaa vya capulana na usukani kulia kama magari yote ya kwetu. Nikampigia. Akasema watu hubadilisha, huenda walitaka kuliuza Ulaya. Nikamwambia basi hata dashibodi ni ya mwaka mwingine. Akasema huenda ile ya zamani ilivunjika. Mtu akishapenda kitu, majibu hayamwishii.

Kisha nikafanya lile ambalo huwakamata karibu wote. Niliichukua picha ya mlango nikaitafuta mtandaoni, kuona kama imewahi kuonekana mahali pengine. Picha za waongo ni za wizi. Ukizisukuma kidogo zinakupeleka kwa mwenyewe. Hii haikunipeleka popote. Nilijaribu nzima, nikaijaribu imekatwa, nikaongeza mwanga. Haipo. Nikiri, hapo nilianza kutikisika. Kama picha haipo kokote duniani isipokuwa kwa Virgílio, basi labda Virgílio amesimama kweli mbele ya ule mlango, na mimi ndiye ninayemzuia mjomba asimpate mwanawe.

Nilibaki na swali moja. Mjomba alikuwa na mtindo wake wa kuizuia Pijo isiliwe na chumvi: kila baada ya mvua aliipaka tumboni sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa mashua. Gari lilidumu, lakini lilinuka. Maharusi walipanda wamefukizwa udi wakashuka wananuka soko la samaki, na bado walimgombania kwa sababu hakuwa akitoza ndugu. Nikajiandikisha kwenye mnada kwa jina jingine, nikajifanya mnunuzi mwenye pua nyepesi. Nikamuuliza Virgílio: gari lako ndani linanuka nini?

Jibu lilikuja upesi sana. Ngozi safi, aliandika, na manukato kidogo.

Nilicheka peke yangu chumbani. Nikampelekea mjomba jibu lile. Alichelewa kujibu, kisha akaandika: *Wameliosha.*

"Sifa haioshwi," nilimwambia kwenye simu, na sasa nilikuwa nimekasirika. "Wewe mwenyewe ulisema haitoki mpaka siku ya kiyama."

"Miaka mingi imepita, Yasmin. Hata mimi sinuki tena."

Jioni ile Bi Mariamo alinipigia. Hakuwa amesema lolote tangu jambo lianze. Aliniambia tu, "Ijumaa njoo ule kwetu," akakata.

Nilifika Quionga kwa pikipiki watu wakitoka msikitini. Mjomba alikuwa amevaa kanzu yake nzuri na kofia mpya. Amekonda, lakini uso wake ulikuwa unang'aa, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akaniuliza hali ya nyumbani, halafu moja kwa moja akanionyesha mahali atakapoiegesha. Alikuwa ameshafyeka majani na kuinua kivuli cha makuti.

Tulikula barazani, sinia moja sisi watatu, wali wa nazi na changu wa mchuzi. Nilikuwa nimejiapia sitabishana mpaka tule. Nilishindwa. Kati ya tonge na tonge nilikuwa nikimwambia mambo ya viti, ya dashibodi, ya Virgílio kukataa kutoa namba ya chasi. Mjomba alitafuna akinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Tazama nkono tu," alisema mwishowe. "Achana na mengine. Nipe hiyo simu nikuonyeshe."

Simu ilikuwa pembeni yangu. Mkono wangu wa kuume ulikuwa umejaa mchuzi, nikaiokota kwa ule mwingine nikamnyooshea.

"Nkono gani huo unaompa njombako?" Bi Mariamo alinikemea. "Shule yote ile mmekwenda kufundishwa nini?"

"Samahani, Bi Mariamo, huu una mchuzi."

"Basi nawa. Chakula hakikimbii."

Nikaiweka simu chini kwa aibu, uso juu, picha ikiwa imefunguka. Nikanawa kwenye bakuli. Na nilipokuwa nikijipangusa, macho yangu yakatua kwenye kile kiganja, na masikioni mwangu lile neno likiwa bado linalia. Mkono gani huo.

Niliinama. Nikauinua mkono wangu wa kuume juu ya skrini, vidole vimeelekea juu, kama mtu anayetaka kubandika. Kidole gumba changu kilikwenda kushoto. Cha kwenye picha kilikwenda kulia. Nikautoa, nikauweka mkono wa kushoto. Ukakaa sawasawa, gumba juu ya gumba, kidole kidogo juu ya kile kilichopinda.

"Bi Mariamo," nilisema polepole. "Saquina alibandika mkono gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Swali gani hilo? Nani anabandika wa kushoto siku ya ndoa?"

"Nakuuliza wewe uliyekuwapo."

"Nilimshika mwenyewe kifundo," alisema. "Nkono huu, wa kulia. Alikuwa anatetemeka, msiro unamwagika, nikamsaidia kuusukuma kwenye nlango."

"Picha hii umeiona?"

Akageuza uso. "Mimi siitazami. Anaitazama yeye."

Nikamwomba aitazame. Akavuta upande wa mtandio wake, kisha akainama. Hakuhitaji muda. "Huo si nkono wa mwanangu," alisema. "Huo ni wa kushoto."

Mjomba aliacha tonge siniani.

Sasa mimi kupindua picha ndiyo kazi yangu. Ukitaka kupiga fulana chapa kwa pasi, picha unaigeuza kwanza, kushoto iwe kulia, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume kifuani kwa mtu. Nafanya hivyo kutwa nzima, na bado sikuwa nimeona. Niliifungua ile picha kwenye programu yangu nikaigeuza. Kiganja kikageuka, na kitasa cha mlango, ambacho hatukuwa tumekijali hata kidogo, nacho kikahamia upande wake. Nikamwelekezea mjomba. Alikuwa anautazama mlango wa kushoto wa Pijo yake, ule waliopandia maharusi.

"Ndiyo hii," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hii. Na yule aliigeuza ili mtu kama mimi akiitafuta asiione."

Niliitafuta upya, ikiwa imekaa sawa. Mtandao wa Quionga unakwenda kwa kubembeleza, tukangoja sote watatu, wali ukipoa. Ilipofunguka, ilikuwa mahali pamoja tu. Kundi la mtandaoni la watu waliokimbia vita, wanakotafuta walivyovipoteza: mashine za kushonea, mbuzi, ndugu. Picha ilikuwa ile ile, na juu yake maneno. *Hii ni Pijo yangu. Imebaki Palma. Mlangoni kuna mkono wa binti yangu marehemu. Atakayeiona naomba anijulishe, nitatoa chochote.* Chini yake namba ya simu na jina, Faquir; hakuwa amewahi kuniambia.

Hapo raha yangu yote ya kukamata ikaniisha. Kumbe Virgílio hakuwa amebahatisha. Alikuwa amesoma kila neno. Aliona mtu anayelia hadharani, akachukua picha yake, akaigeuza, akamrudishia kwa bei. Nilitaka kuvunja kitu. Nilimtazama mjomba nikitegemea naye atawaka, lakini alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe.

"Kila asubuhi nilikuwa naweka kiganja changu juu yake," alisema. "Siku zile gari lipo nilikuwa nafanya hivyo, kabla sijawasha. Nkono juu ya nkono. Sasa kwenye hii simu ukawa haukai. Gumba langu linakwenda huku, lake kule. Nikasema, nimeanza kunsahau. Nimezeeka, nimesahau nkono wa ntoto wangu." Alikikunja kiganja. "Ndiyo maana niliharakisha. Nilitaka lije kabla sijasahau na uso."

Bi Mariamo aliinuka, akaenda akakaa karibu naye, bega kwa bega, kitu ambacho sijawahi kuwaona wakifanya mbele za watu. Mimi nilikuwa nalia na sikujificha.

"Hodi," mtu aliita uani. Alikuwa Cassimo, mnunuzi wa minazi, amekuja na kijimkoba chake cha kwapani, na nyuma yake mtu wa kushuhudia. Si mtu mbaya Cassimo.

"Karibuni," Bi Mariamo aliwaambia. "Minazi imeghairi. Kuna wali wake, mkae mle."

Cassimo alimtazama mjomba, akanitazama mimi na macho yangu, akaelewa kwamba si wakati wa kuuliza. Alivua viatu. Bi Mariamo akawaletea maji ya kunawa.

Simu ya mjomba ikalia ujumbe. Ni Virgílio. Alikuwa anauliza kama senhor yuko tayari, maana mnada unakaribia kufungwa na kuna mtu mwingine analitaka sana lile gari. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuripoti tangazo kwa wenye mnada, nikiambatanisha picha zote mbili, na kwa hasira yangu nilitaka pia nimpe yule mtu maneno ya Kireno ambayo shuleni hayafundishwi.

"Ngoja," mjomba alisema. "Nijibie mimi. Andika nnavyokwambia."

Nikangoja. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Nwambie kutaka kuniibia ni kazi yake, hayo nimemwachia Mungu. Lakini amemfanya mwanangu atoke kwangu kwa nkono wa kushoto. Nwambie hilo simsamehe."

Niliyageuza kwa Kireno neno kwa neno, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono wake wa kuume, akaichukua simu kwangu, akautuma ujumbe mwenyewe.